Mheshimiwa Aliyeanza na Yaliyomshinda

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila ninaposhika makuti. Siiti, huja yenyewe. Mkono unashona, macho yanalegea kwa joto la alasiri, na mara nasikia mlango wa gari ukifungwa polepole, halafu sauti ya mtu mzima inaniuliza, "Sidi binti yangu, wako tayari kutusikiza?" Nataka kujibu ndiyo, wako tayari. Kisha nagutuka, najikuta hapa hapa Kakuyuni, kikongwe mwenye leso iliyopauka, na kuti limeniangukia miguuni nusu limeshonwa.

Nimekuita kwa ajili ya siku hiyo, Kazungu. Sikukuita nikugombeze. Haya, kidogo nitakugombeza, mimi ni hawe yako, nyanya mzaa baba, na hiyo ni haki yangu. Keti hapo mkekani. Simu yako igeuze uso chini. Wale vijana wako wenye fulana zenye sura yako nimewaambia wakungoje kule barabarani, wapo wanakunywa madafu, hawana dhiki yoyote. Mkutano wako ni jioni, na jua bado liko juu.

Nawe ulipofika umeniomba nikae jukwaani nikubariki mbele ya watu. Nimesikia. Lakini juzi vijana wako walikuja kufunga bango lako, lile kubwa ulilochekea, lililoandikwa HATI KWA KILA FAMILIA. Kamba moja wameifunga kwenye mnazi. Ya pili wameifunga kwenye kile kigingi kifupi cha mti mgumu kilichosimama mwisho wa safu ya minazi. Nilitoka kuwakataza, lakini miguu yangu unaijua, nilipofika walikwisha panda pikipiki wakaenda zao. Ulipokuwa mtoto nawe ulifunga mbuzi pale pale. Nilikuchapa, ukalia, hukuuliza kwa nini, nami sikukwambia. Leo nakwambia.

Unajua kwetu mtu akifa huwekewa kigingi chake, koma, apate mahali pa kusimama akija kututazama. Vya babu zako viko nyuma ya nyumba, vimekaa pamoja kama wenyewe walivyopenda kukaa wakinywa mnazi. Najua kanisani kwenu mambo haya hamyapendi. Mimi pia nasali, mwanangu, na Mungu hajaniuliza kitu kuhusu vigingi. Sasa kile kimoja kilicho mbali na vingine, kile chenye kamba yako, ni cha Mhindi.

Ndiyo, Mhindi. Cheka umalize, kisha unisikize.

Jina lake lilikuwa Harilali. Baba yake alifika Malindi kijana, akafungua duka la nguo, na Harilali akazaliwa orofani juu ya duka hilo. Alicheza vichochoroni na watoto wa mjini, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa cha Malindi hasa, cha taratibu, kisichomeza maneno. Walimpeleka Bara Hindi asomee sheria. Huko aliwakuta watu wanamdai Mwingereza uhuru wao, naye akaingia maandamanoni na wanafunzi wenzake mpaka akalazwa rumande. Alirudi na mguu mmoja mzito. Watu walisema ni rungu la askari. Yeye alisema alianguka kwenye baiskeli. Mimi naamini rungu.

Siku zile viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na vyao, Wahindi vyao, Waarabu vyao, na sisi tuliojaa nchi nzima tukaambulia makombo. Harilali aliingia kwa kiti cha Wahindi, akasimama, na neno lake la kwanza mle ndani likawa kwamba kiti alichokalia hakifai kuwako. Wahindi wenzake walimnunia. Wakwe zake hawakumpa mkono. Uhuru ulipokuja akaomba kura za watu wote, akazipata, akawa mbunge wetu. Wenzake wengi walikuwa wakifunga mizigo na kupanga foleni za pasipoti. Yeye alichukua uraia wa hapa mapema, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa msichana wa skuli ya misheni, mmoja wa wachache. Wazee wetu wa ndani walikijua Kigiriama chao tu, na Kiswahili cha mjini kiliwapita juu. Mheshimiwa alihitaji mtu wa kumfasiria, padri akanitaja. Baba yangu, Mzee Karisa, alikubali kwa sharti nirudi nyumbani kabla kuku hawajaingia bandani. Basi nikawa nazunguka na mbunge katika gari lililojaa vumbi, nimekaa mbele, nimenyoosha shingo kama bibi harusi.

Alikuwa na desturi moja iliyonishangaza. Kila baraza, kabla hata ya kuulizia afya za watu sawasawa, alianza na yaliyomshinda. Alisimama na kofia yake nyeupe mkononi, akasema, "Mara ya mwisho mliniomba daktari. Sijampata. Nilikwenda wizarani, wakaniambia hakuna, nikakaa pale mpaka wakafunga ofisi, na bado hakuna. Mliniomba kivuko. Nilikisema Bungeni, wakacheka. Nitakisema tena." Hapo ndipo alipohamia kwenye yaliyowezekana, nayo aliyataja kwa haraka, kama mtu anayeona haya kujisifu. Kina mama walivunjika mbavu. Mzee mmoja aliniambia nimfasirie hivi, "Mwambie huyu bwana, sisi shida zetu tunazijua, hana haja ya kuja kutusomea." Nilimfasiria. Harilali alicheka mpaka akafuta machozi. Na baraza lililofuata alianza vile vile.

Sasa tuje Chakani.

Hukuiona Chakani. Hata mimi siku hizi sina hakika naiona vile ilivyokuwa, au naiona vile ninavyoitaka. Lilikuwa shamba upande wa pwani, njia ya kwenda Ngomeni, na minazi yake ilikuwa mirefu kiasi kwamba kivuli chake kilifika uani kwa jirani. Minazi ilikuwa yetu. Ilipandwa na babu wa baba yangu. Ardhi iliyoshika mizizi yake haikuwa yetu. Mambo hayo unayajua, mpaka leo ndiyo yanayotutesa, ndiyo uliyoyaandika kwenye bango. Siku moja ya zamani mtu alikwenda ofisini akaandikisha shamba kwa jina lake, akaliuza kwa mwingine, mwingine naye akaliuza, na walioishi pale wakasikia baadaye, kama mtu anavyosikia msiba wa mbali. Mwenye hati alituacha tukae kwa sharti tusipande mti mpya. Mahindi sawa, mihogo sawa. Mnazi mpya, hapana, maana mwenye mnazi hang'oki upesi. Baba alikuwa akiokota nazi iliyochipua, anaipapasa, anaiweka chini tena. Hilo lilimuumiza kuliko njaa.

Na mwenye hati, mwanangu, alikuwa kaka yake Harilali. Kaka mkubwa, tumbo moja.

Uchaguzi ulipokaribia tukasikia kwamba kaka huyo anahama nchi na anataka kuuza Chakani. Watu walishikwa na hofu. Papo hapo akatokea mtu wa kumpinga Harilali, kijana wa kwetu, mrefu, sauti yake tamu. Jina lake silitaji, ana wajukuu na ni watu wema. Sisi tulimwita Bwana Hewala, kwa sababu kila alichoombwa alijibu hewala. Mnataka shamba? Hewala. Mnataka skuli? Hewala. Bibi mmoja alimwomba mume, na hilo pia akasema hewala. Alisema siku atakayoapishwa, Chakani itakuwa ya wenyewe, na watu wakalala usingizi mzuri.

Hapo ndipo ilipo siku ninayokuambia. Tulikuwa garini, mimi na Mheshimiwa, tunakwenda kwenye baraza la Chakani, la mwisho kabla ya kura. Minazi ilikuwa inapita dirishani, mmoja baada ya mwingine, na jua likipenya katikati yake linanipiga usoni, linaondoka, linanipiga tena, hata nikahisi kama naota. Nilikusanya ujasiri wangu wote.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "leo waambie watalipata shamba. Neno moja tu. Watu wote wanangoja hilo."

"Nalijua," akasema.

"Mwenye shamba ni kaka yako. Nani atakubishia?"

Gari likaruka shimo, tukarushwa, tukakaa tena. "Sidi, kaka yangu sijaonana naye kwa jambo hili. Nitakwenda kwake baada ya kura, nikishinda au nikishindwa. Nilitoe shamba lake zawadi leo wakati yeye mwenyewe hajui?"

"Basi sema halafu uende."

"Na akikataa?"

Nilitazama minazi.

Barazani watu walijaa. Wazee walikuwa mbele, na baba yangu katikati yao, amevaa koti lake la harusini. Harilali alisimama, akavua kofia, na akaanza kama kawaida yake na yaliyomshinda. Kisha akasema, nami nikafasiri kila neno, "Chakani ina hati kwa jina la kaka yangu. Si yangu, siwezi kuigawa. Nitakwenda kumwomba. Mvua za vuli zitakapoanza nitarudi hapa hapa kuwaambia amesemaje, hata akiwa amekataa. Hilo la kurudi ndilo ninaloweza kuwaahidi."

Sauti ya kijana ikatoka nyuma, "Ahadi ya kurudi italiwa na ugali?" Wakacheka, na wengine wakaanza kuondoka. Baba yangu hakucheka wala hakuondoka. Alimtazama Harilali muda mrefu.

Tuliporudi garini nililia. Nilikuwa na hasira ya kijana, ile isiyochagua maneno. Nikamwambia, "Umemuua baba yangu." Sijui nilipata wapi ulimi huo. Dereva mwenyewe alishtuka.

Harilali hakukasirika. Alikuwa amegeukia dirisha, na nilidhani hakunisikia. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, bila kunitazama, "Sidi, baba yako ana mikono miwili mizuri. Nimeiona. Nikimdanganya leo nitakuwa nimeifunga. Atakaa kizingitini akiningoja mimi, na siku ile itakayokuja itamkuta amekaa. Niache nishindwe, lakini mikono ya baba yako usiniambie niifunge."

Nakwambia kweli, sikumwelewa. Niliona ni maneno ya mtu aliyesoma sana. Niliteremka bila kuaga.

Alishindwa, mwanangu. Alishindwa vibaya. Bwana Hewala alibebwa mabegani kutoka sokoni mpaka uwanjani, na ngoma zilipigwa hata mbwa wakachoka kubweka. Gari la mbunge lilikwenda kwake. Mimi nilirudi nyumbani Chakani kupalilia mihogo, na jina la Harilali likawa halitajwi, isipokuwa watoto walipoigiza. Mmoja alivua kofia ya kufikirika akasema, "Mliniomba embe. Sijalipata." Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka nao.

Kisha vuli likaanza.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu, yale ya pwani ambayo hujui kama ni mvua au ni hewa tu imelowa. Nilikuwa uani naanua kunde. Nikaona mtu anakuja kwa miguu kutoka barabarani, katikati ya minazi, amevaa nguo nyeupe, ana mwavuli mweusi, mguu mmoja anauvuta. Kwa vile ukungu ulikuwa chini, ilikuwa kama anaelea. Nilidhani ni mzuka. Nilimwita baba, na baba akatoka akasimama, akasema polepole, "Amerudi."

Hakuna aliyekuwa akimngoja. Hakuna aliyemwita. Baba alikwenda akagonga nyumba hii na hii, na waliokubali kutoka wangeenea kwenye mkeka huu. Wengine walichungulia tu madirishani. Harilali alifunga mwavuli, akavua kofia, na kichwa chake kikalowa.

"Karibu, Mheshimiwa," baba akasema.

"Mimi si mheshimiwa tena, Mzee Karisa."

"Jina hilo sikukupa kwa sababu ya gari."

Harilali akanigeukia mimi nifasiri. Nilifungua mdomo, mwanangu, na sauti ikakataa kutoka. Nilikuwa nimekwisha isoma habari usoni mwake. Basi akasema mwenyewe, kwa Kigiriama chake cha kuokoteza, kibovu kama cha mtoto anayeanza kusema, na safari hii hakuna aliyecheka. Kaka amekataa. Alimwomba, akamwomba tena, wakagombana, na sasa hawasemezani. Shamba limeuzwa. Wenye kulinunua watakuja na matingatinga mihogo ikishang'olewa. Minazi itaangushwa. "Nimeshindwa," akasema. "Mimi ni wakili, nitakwenda mahakamani kudai mlipwe miti yenu, na huenda huko pia nikashindwa. Msiningoje."

Mzee mmoja alisema, "Mbona mbunge wetu anasema tukae, hakuna atakayetugusa?"

"Huenda ana habari nisizokuwa nazo," Harilali akajibu. "Hizi ndizo nilizonazo mimi."

Akayanywa maji tuliyompa, akafungua mwavuli, akaondoka kwa miguu vile vile. Nilimtazama mpaka weupe wa nguo zake ukamezwa na ule wa manyunyu. Nilihisi aibu na upendo kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi.

Siku ya pili yake baba hakwenda kugema. Alipita chini ya kila mnazi akiokota nazi zilizochipua, zile alizokatazwa kuzipanda. Alizipanga uani. Mama akamwuliza ana wazimu gani. Akasema, "Miti hii siwezi kuibeba. Watoto wake naweza." Akaja huku Kakuyuni kwa wajomba zake, akaomba mahali, akapewa kichaka hiki, wakati huo kimejaa miiba na nyani. Tulihamisha kidogo kidogo, nazi kwenye vikapu, mbuzi kwa kamba, milango ya nyumba vichwani. Jamaa wachache walitufuata. Wengi walitucheka tukipita. Kache, rafiki yangu wa kuchota maji, alisimama njiani akaniambia, "Mnakimbia maneno ya Mhindi aliyeshindwa?" Baba yake alikuwa amepanda mahindi mapya, kwa kuwa Bwana Hewala alimpa mkono akamwambia hewala.

Matingatinga yalikuja. Mimi sikuwako, nilikuwa huku nafyeka. Lakini siku ile upepo ulivuma kutoka baharini, na wapo wanaoapa kwamba tulisikia minazi ikianguka hata huku. Hilo haliwezekani, ni mbali mno. Na bado mimi nimeisikia, naisikia mpaka leo. Kina Kache walitolewa nje na sufuria za moto mikononi. Nyumba, mahindi, kila kitu kilikwenda chini. Baba yake alikaa kando ya barabara siku nyingi akimngoja mbunge aje aone kwa macho. Mbunge alituma salamu. Yule mzee hakupanda kitu tena maishani mwake, alikaa tu, mikono juu ya magoti. Nilipokwenda kumtazama, nikaiona ile mikono, ndipo nilipoelewa nililoambiwa garini.

Kesi ya miti Harilali aliishinda nusu. Alikuja mwenyewe kutuambia, na alianza na ile nusu iliyomshinda.

Hakugombea tena. Aliishi Malindi kwenye chumba kimoja juu ya duka ambalo halikuwa tena la kwao, akiwatetea watu mahakamani, wengine bila hata kuku wa shukrani. Wanawe walikwenda ng'ambo. Mara kwa mara alikuja huku, akakaa na baba, wakatazama miche ikikua. Hawakuwa na maneno mengi. Baba aliangua dafu la kwanza la minazi hii, akamngoja mpaka alipokuja, ndipo wakalinywa.

Alipokufa walimchoma kwa desturi ya dini yake, na majivu wakayamwaga mto Sabaki unapoingia baharini. Baba alisimama mbali akitazama, amevaa lile koti. Aliporudi akasema, "Hawakumwachia hata mahali pa kukaa." Nikamwambia ndivyo dini yao ilivyo.

Haikupita muda baba akaanza kumwota. Anamwona amesimama katikati ya minazi, ana mwavuli lakini hajaufungua, na manyunyu yanamlowesha. Hasemi neno. Alimwota tena na tena, mpaka akakonda. Kwetu unajua ndoto kama hizo maana yake nini, maiti anaomba mahali. Wazee walikaa wakajadiliana. Mmoja alisema, "Mhindi hana koma kwetu. Si damu yetu, na kuzikwa hakuzikwa." Baba akawaambia, "Ana watoto ng'ambo, ana ndugu, ana hekalu mjini. Kote huko hakwenda. Amekuja kwangu. Nimwambie nini, aendelee kulowa?" Wakachonga kigingi, wakakisimamisha pale, karibu na mnazi wa kwanza kutoka nazi ya Chakani, na baba akakinyunyizia maji ya dafu badala ya mnazi, kwa sababu Harilali hakunywa kileo. Ndoto zikakoma.

Zikakoma mpaka juzi, mwanangu. Baada ya vijana wako kufunga kamba, nilikaa hapa nashona, jua limenilegeza, na nikamwona. Alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, na mbele yake kulikuwa na watu wote wa Chakani, baba, mama, Kache, wazee wote, wamekaa chini kama siku ya baraza. Safari hii alisema. Alisema kwa Kigiriama kilichonyooka, kizuri kuliko changu, "Mara ya mwisho mliniomba shamba. Sijalipata." Amekufa miaka yote hii, Kazungu, na bado anakuja kutuambia kwamba hajalipata. Niliamka nimelowa machozi, na nikatuma mtu akuite.

Sasa sikiza ninachokuagiza. Hati uliyoandika kwenye bango hunayo. Najua hunayo, kwa sababu ungekuwa nayo ungeanza na hawe yako, ambaye hata hii ya Kakuyuni mpaka leo hana karatasi yake. Watu watakaokuja jioni wana mikono. Wako wanaotaka kujua kama wajenge au wahame, wapande au wavune waondoke. Ukiwaambia hewala, watakaa. Na wewe una sauti tamu, umeirithi kwetu, watakuamini. Waambie unachokijua na usichokijua. Waambie utakwenda wapi kuuliza, na utarudi lini kuwapa jawabu. Halafu urudi. Hata ukishindwa kura, hata kama hakuna anayekungoja, hata kama huna gari na kuna manyunyu, urudi uwaambie. Huenda wakakucheka, na huenda wakamchagua mwingine. Utaumia, sikufichi. Mimi nilimwona aliyeumia vile, na ndiye ninayemkumbuka.

Nenda kwanza ukafungue ile kamba kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume mtu. Kisha uje hapa upige magoti, nikupulizie maji kifuani kama nilivyompulizia baba yako. Mungu akupe ulimi mwepesi kwenye lililo gumu. Babu zako wakutangulie njiani, na yule mwenye mwavuli atembee kando yako. Watu wakufungulie milango ukienda na neno jema, na wakufungulie ukienda na neno baya.

Jioni nitakuja. Nitakaa mbele kabisa, nisikie unaanza na lipi.